Gari Langu la Zamani Linachemsha: Nilitengeneze Kwanza au Niliuze Lilivyo?

*"Nina gari dogo la petroli la miaka 17, limeshatembea zaidi ya kilomita 230,000. Tangu mwaka jana linachemsha nikipanda mlima au nikikaa kwenye foleni, na kila baada ya siku mbili tatu naongeza maji kwenye rejeta. Asubuhi linatoa moshi mweupe. Shokapu za nyuma zimechoka, taa ya injini inawaka, na bampa la mbele limepasuka. Fundi wa kwanza ameniambia ni gasketi tu. Wa pili anasema injini imekwisha, nitafute nyingine. Dalali amenitajia bei ambayo nusura nilie. Jirani ananishauri nitie dawa ya kuziba rejeta, nifute ile taa, nipake bampa rangi, kisha nimwonyeshe mteja gari asubuhi likiwa la baridi. Nahitaji hela, lakini sitaki mtu aje kunilaani. Je, nilitengeneze kwanza au niliuze hivyohivyo? Na nikiliuza hivyohivyo, niseme nini?"*

Nianzie mwisho, pale uliposema hutaki mtu aje kukulaani. Wengi wanaouza gari bovu wanadhani kusema kweli kutawapunguzia hela na kuficha kutawaongezea, kwa hiyo wanajiona wanachagua kati ya mfuko na roho. Kwa gari kama lako, mfuko na roho viko upande mmoja. Nitakueleza kwa nini, maana ukishalielewa hilo mengine mengi utayaamua mwenyewe bila kuniuliza.

Umeuliza utengeneze au uuze. Lakini kuna swali lililotangulia hilo, na bado halijajibiwa: gari linaumwa nini? Fundi mmoja kasema gasketi, mwingine kasema injini, na kwa maelezo yako hakuna aliyepima chochote. Wameangalia moshi, wamesikiliza muungurumo, wakatoa hukumu. Ni kama mgonjwa aliyeandikiwa dawa mbili tofauti na madaktari wawili ambao hakuna hata mmoja aliyempima damu. Kati ya gasketi na injini nzima pana tofauti kubwa ya hela, na huwezi kufanya uamuzi wa maana ukiwa umesimama katikati ya hapo. Ushauri wangu basi ni huu: usitoe sasa hela ya kutengeneza. Toa kwanza hela ndogo ya kupima, upate majibu kwa maandishi, ndipo uamue. Magari mengi ya umri huo, yakishapimwa hivyo, yanafaa kuuzwa yalivyo, karatasi ya vipimo ikiwa mkononi, na bei yake huwa nzuri kuliko ile iliyokuliza.

Utashangaa karatasi inawezaje kupandisha bei ya gari ambalo halijaguswa hata nati moja. Jiweke upande wa mnunuzi. Yeye hajui ulilitunzaje gari, hajui lilichemsha mara ngapi, hajui kama ulisimama mara moja mshale wa joto ulipopanda au uliendelea kuendesha mpaka nyumbani. Anachoona ni gari linalochemsha, na kwa kuwa hajui mwisho wa tatizo uko wapi, anauweka mbali kabisa, kwenye injini mpya. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alitumia soko la magari ya mtumba kueleza jambo hili. Muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutenganisha zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analiondoa sokoni, yanayobaki yanazidi kuwa mabovu na bei inazidi kuporomoka. Mwaka 2001 Akerlof alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz kwa uchambuzi wa masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Dalali wako hakuhitaji kusoma andiko hilo. Alipoona rejeta inaongezwa maji, alikata thamani ya injini nzima, akakata na ya woga wake, akakutajia kilichobaki.

Sasa tuliangalie tatizo lenyewe. Gari kuchemsha ni dalili, na nyuma yake kuna sababu nyingi, nyingine za bei rahisi mno. Likichemsha kwenye foleni lakini likapoa ukishika mwendo, kwanza shuku feni, kwa sababu gari likiwa limesimama feni ndiyo inayovuta upepo kupita kwenye rejeta. Likichemsha mlimani, injini ikiwa imebeba mzigo, shuku rejeta iliyoziba, themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) isiyofunguka vizuri, au gasketi. Lako linachemsha kote kuwili, na hiyo inaweza kuwa kwa sababu tu maji hayatoshi. Basi ukweli unaopaswa kufuatwa ni ule uliousema kama jambo la pembeni: kila baada ya siku mbili tatu unaongeza maji. Yanakwenda wapi?

Maji yana njia tatu za kutoka. Yanaweza kuvuja nje kupitia hosi, pampu ya maji, rejeta au mfuniko wake uliolegea. Yanaweza kuingia kwenye oili. Au yanaweza kuingia ndani ya silinda na kutoka na moshi. Njia mbili za mwisho ndizo za gasketi ya silinda hedi, au za hedi yenyewe ikiwa imepata ufa. Gasketi hiyo ni bamba jembamba lililobanwa kati ya bloku ya injini, yenye silinda, na hedi inayoifunika kwa juu. Kazi yake ni kutenganisha vitu vitatu vinavyopita karibu sana: moto wa silinda, oili, na maji. Katika injini nyingi hedi ni ya alumini, na nyingi kati ya hizo bloku yake ni ya chuma. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara 2 ya chuma. Injini ikichemsha kupita kiasi, hedi hutaka kutanuka lakini bolti zimeibana, nayo hupinda. Ikipinda hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, gasketi haibanwi sawasawa tena, na pale palipolegea ndipo gesi ya moto hupenya. Ndiyo maana kubadilisha gasketi bila kupeleka hedi mashineni isawazishwe ni kazi ya kurudiwa. Fundi akikwambia atabadilisha gasketi jioni moja na kufunga palepale, muulize ataipima hedi kwa kifaa gani. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Moshi mweupe wa asubuhi usikutishe peke yake. Kuunguza lita 1 ya petroli huzalisha mvuke ambao ukipoa ni takriban lita 1 ya maji. Asubuhi, bomba la ekzosi likiwa la baridi, mvuke huo huonekana kama moshi mweupe, na hata gari jipya hufanya hivyo. Angalia kinachotokea injini ikishapata joto kamili. Mvuke wa kawaida hutoweka. Moshi mweupe unaoendelea, mzito, wenye harufu tamutamu, huku maji yakipungua kwenye rejeta, huo ndio wa kulanti (maji ya kupozea injini) inayoungua. (Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi. Hujavitaja, na ni heri.)

Vipimo ninavyotaka ufanyiwe ni vichache, na karakana yenye vifaa huvimaliza kwa saa chache. Cha kwanza ni kupampu mfumo wa maji injini ikiwa ya baridi, mpaka kufikia mgandamizo ulioandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, ambao mara nyingi ni karibu na bar 1 (bar ni kizio cha mgandamizo), kisha kusubiri. Mshale wa kipimo ukishuka, kuna uvujaji, na mara nyingi tone utaliona kwa macho. Cha pili ndicho ninachokipenda zaidi kwa sababu hata asiye fundi anakielewa. Kichupa chenye kimiminika cha bluu huwekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, na hewa iliyo juu ya maji huvutwa ipite ndani yake. Kama gesi ya silinda inapenya kwenye maji, kaboni dayoksaidi yake hubadilisha rangi ya bluu kuwa ya njano. Simama hapohapo utazame mwenyewe. Cha tatu ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Injini nyingi za petroli zikiwa na afya husoma kati ya bar 10 na 13, ila lililo muhimu zaidi ni ulingano: silinda moja ikiwa chini ya nyenzake kwa zaidi ya asilimia 15, kuna tatizo, na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yake. Mwisho, fundi achomoe kijiti cha oili na kufungua mfuniko wa juu ya injini. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji, na hapo lazima umwulize juu ya beringi za chini pia. Utando kidogo kwenye mfuniko peke yake si ushahidi, maana gari la safari fupifupi hukusanya unyevu pale. Omba majibu yote yaandikwe kwenye karatasi yenye tarehe, namba ya chesisi na kilomita zinazosomeka siku hiyo.

Ukishayapata, fanya hesabu. Nitatumia namba za mfano tu, wewe weka za kwako. Tuseme gari kama lako likiwa zima linauzwa kwa 100. Gasketi pamoja na kusawazisha hedi ni 25, kubadilisha injini ni 50. Mnunuzi asiyejua chochote atakata 50, kisha 15 za usumbufu na woga, atakupa 35. Mnunuzi aliyeona vipimo vinavyoonyesha gasketi imeungua lakini kompresheni ya silinda nyingine ni nzuri atakata 25, na zile 15 za usumbufu, atakupa 60. Hujatengeneza kitu, umeongeza 25. Sasa tuseme umeamua kutengeneza. Gari halirudi kuwa la 100, kwa sababu ni la miaka 17 na injini yake imefunguliwa, na wanunuzi wengi huliogopa hilo. Ukipata 90 umefanya vizuri. Toa 25 za matengenezo, umebaki na 65. Kwa hizo 5 za ziada umetoa hela ya mfukoni, umesubiri, na umebeba hatari yote. Hatari hiyo si ndogo: hedi ikifunguliwa na kukutwa na ufa, 25 zinakuwa 40, nawe unabaki na 50, chini ya alichokupa mnunuzi wa gari lisilotengenezwa.

Hesabu hiyo hugeuka kabisa kama kosa ni dogo. Vipimo vikionyesha kwamba gasketi ni nzima na maji yanatoka kwenye hosi, mfuniko au pampu, au feni haifanyi kazi, tengeneza bila kusita. Hapo unatoa labda 5, nawe unatoka kwenye bei ya gari linalochemsha kwenda kwenye bei ya gari zima. Liendeshe wiki kadhaa uhakikishe, tunza risiti, kisha uliuze. Uwezekano huo upo, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya nisikubali uuze leo kwa bei ya dalali.

Nije kwa ushauri wa jirani yako. Nina hakika anakutakia mema, lakini kila alichokwambia kitakugharimu. Dawa ya kuziba rejeta ina chembechembe zinazoganda mahali maji yanapotokea. Tatizo ni kwamba hazitofautishi tundu na njia nyembamba za ndani ya rejeta au za kipasha joto cha ndani ya gari, kwa hiyo huziba na hizo. Gari linalochemsha kidogo huanza kuchemsha sana. Na mnunuzi aliyekuja na fundi atafungua mfuniko, atapitisha kidole ndani ya mdomo wa rejeta, na kidole kikitoka na tope la kahawia ameshajua kila kitu. Tangu hapo hata ukimwambia giaboksi ni nzima hatakuamini.

Kufuta taa ya injini nako ni bure. Magari mapya yanayouzwa Marekani tangu mwaka 1996, na ya petroli yanayouzwa Ulaya tangu 2001, yanatakiwa kuwa na mfumo wa kujichunguza wenyewe unaosomwa kwa skana, na gari la umri wa lako kwa kawaida linao. Ukifuta makosa, kompyuta ya gari hufuta pia matokeo ya majaribio yake ya ndani, na kuyakamilisha upya huhitaji kuendesha kwa muda katika hali mbalimbali. Kiskana kidogo kinachoingia mfukoni humwonyesha mnunuzi kwamba majaribio hayajakamilika, yaani kuna aliyefuta kumbukumbu hivi karibuni. Badala ya kuifuta, isome. Mwache fundi aandike namba ya kosa kwenye karatasi ileile ya vipimo. Huenda ni kihisi (sensa) kidogo tu kinachokupunguzia bei kama injini.

Kuonyesha gari likiwa la baridi ndiko kunakotia shaka kuliko yote. Mnunuzi mzoefu hugusa boneti akifika. Akiikuta ya moto anauliza kwa nini ulishaliwasha, akiikuta ya baridi anaomba aliendeshe mpaka lipate moto. Utamzuia mpaka lini? Na ukifanikiwa kumzuia, linakuja suala la sheria. Sheria za mauzo hutofautiana nchi na nchi, lakini kanuni moja imeenea sana: anayeuza kitu kilivyo analindwa dhidi ya kasoro alizozieleza au asizozijua, halindwi dhidi ya kasoro aliyoijua akaificha makusudi au akaidanganya alipoulizwa. Maneno "linauzwa lilivyo" hayafuti udanganyifu. Mnunuzi anaweza kudai hela yake irudi, na dawa ya rejeta uliyoitia itakuwa ushahidi dhidi yako.

Bampa liache. Rangi mpya mahali pamoja kwenye gari kuukuu humfanya mtu atafute ajali. Shokapu nazo ziache kama gari linauzwa likiwa na tatizo la injini, kwa kuwa hakuna anayelipa zaidi kwa ajili ya shokapu za gari linalochemsha. Hela kidogo uliyonayo ielekeze kwenye vitu vinavyomwezesha mnunuzi kulijaribu gari. Betri iwe na chaji, maana gari linalowaka na kusogea lina soko pana kuliko lililolala, na kwa gari lisilotembea mnunuzi hawezi kupima giaboksi, hivyo ataihesabu kuwa mbovu. Matairi yawe na upepo. Taa zote ziwake, vioo vya madirisha vishuke na kupanda. Lisafishe ndani kwa bidii, toa vitu vyako vyote. Injini ifute vumbi lakini usiipulizie maji ya kasi siku moja kabla: mnunuzi atadhani umefuta alama za uvujaji, na maji yakiingia kwenye soketi za umeme utaongeza tatizo ambalo halikuwepo.

Breki, usukani na matairi yaliyolika siyaweki kwenye hesabu hii ya faida na hasara. Kama breki zinashika vibaya au usukani una uchezi, ama zitengeneze ama gari liondoke kwako likiwa juu ya gari la kubeba. Kumwachia mtu aendeshe kitu hicho barabarani eti kwa sababu ametia saini ni jambo ambalo siwezi kukushauri kwa bei yoyote. Na kwa gari la umri huo angalia pia mfuko wa hewa, ule unaofumuka wakati wa ajali. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilifungwa kwenye makumi ya mamilioni ya magari ya watengenezaji mbalimbali. Kemikali yake, amonia naitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na mfuko unaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watengenezaji wengi wana ukurasa wa kuangalia kwa namba ya chesisi kama gari limeitwa kurudishwa, na marekebisho ya wito huo kwa kawaida ni ya bure. Kama bado halijafanyiwa, mwambie mnunuzi.

Sasa, umuuzie nani? Mtu wa kawaida anayetafuta gari la kuendesha kesho yake si mteja wako, na ukimlazimisha mtagombana. Mteja wako bora ni fundi, au mtu mwenye fundi wake. Yeye gasketi haimwogopeshi, anajua itamgharimu kiasi gani, na kazi anaifanya mwenyewe. Karatasi yako ya vipimo anaisoma kwa dakika mbili na anaelewa. Tafuta wa namna hiyo wawili watatu kabla ya kukubali bei, na usianze na fundi aliyekupimia. Akitaka kulinunua, sikiliza bei yake kama ya wengine, ila karatasi awe ameshakuandikia kabla hajaonyesha hamu hiyo. Wafanyabiashara wanaopokea gari kuukuu ukinunua jingine kwao hurahisisha mambo, lakini usiangalie bei wanayokupa kwa lako peke yake, angalia unayobaki kulipa. Dalali si adui, ila kubalianeni mapema anachopata yeye, na umwambie wazi kuwa utazungumza na mnunuzi ana kwa ana, ili asiongeze cha juu bila wewe kujua, wala asimfiche mnunuzi yale uliyoamua kuyasema.

Vipimo vikisema injini imekwisha kweli, bado kuna wanunuzi wa spea. Giaboksi nzima, milango, taa, viti, rimu na vioo vina thamani, na katalisti iliyo kwenye ekzosi ina platinamu, paladiamu na rodiamu, kwa hiyo usiiachie ikahesabiwa kama chuma chakavu. Kulivunja mwenyewe na kuuza kipande kimoja kimoja huleta hela nyingi kuliko kuuza zima, lakini kwa polepole sana, unahitaji nafasi, na mwisho unabaki na mifupa ambayo hakuna anayeitaka. Mifuko ya hewa ambayo haijafyatuka usiiguse, ina kilipuzi. Mtu mwenye haja ya hela kama wewe, aliuze zima kwa mwenye yadi.

Umeuliza useme nini. Sema hivi, kwa maandishi, tangu tangazo la kwanza (nimechukulia kwamba vipimo vimeonyesha gasketi): "Gari dogo la petroli, miaka 17, kilomita 231,000. Linawaka na linatembea, ila linachemsha. Gasketi ya hedi imeungua kati ya silinda ya 2 na ya 3, karatasi ya vipimo ipo. Giaboksi haina tatizo ninalolijua. Taa ya injini inawaka, shokapu za nyuma zimechoka, bampa la mbele limepasuka. Halifai kwa safari ndefu kabla ya matengenezo. Linauzwa lilivyo." Tangazo hilo litawafukuza wengi, na ndivyo unavyotaka, kwa sababu watakaopiga simu ni wale ambao bei yao tayari imeshahesabu gasketi. Hatakuwepo wa kukushusha bei mara ya pili mbele ya gari akijifanya amegundua kitu. Akijaribu, mwonyeshe mstari.

Siku ya kuonyesha, mweleze mapema kwamba mtazunguka kwa muda mfupi, na mshale ukianza kupanda mtasimama. Kaa naye ndani ya gari, na uone kitambulisho na leseni yake kabla hujampa ufunguo. Asifungue kabisa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo ule uko kwenye mgandamizo, na mgandamizo huo huyafanya maji yafikie karibu nyuzijoto 120 bila kuchemka. Ukifunguliwa ghafla hugeuka mvuke papo hapo na kuruka usoni. Nimeona mikono na nyuso zilizoungua kwa njia hiyo, na waliokuwa wanaonyesha gari walikuwa na haraka tu.

Makubaliano yaandikwe nakala mbili, yakiwa na majina, namba ya chesisi na ya injini, kilomita, tarehe na saa ya kukabidhi, bei, na kasoro zote ulizozitangaza, mnunuzi asaini chini ya kasoro hizo. Saa ina maana yake: faini au ajali ya alasiri hiyohiyo isije ikawa yako. Hela uihakikishe kwenye akaunti yako mwenyewe, si kwa ujumbe anaokuonyesha yeye kwenye simu yake, na yeyote anayetaka kukulipa zaidi ya bei ili umrudishie chenji, achana naye. Kisha hamisheni umiliki kwa mamlaka ya usajili kabla gari halijaondoka, au siku hiyohiyo. Gari lililobaki kwenye jina lako huendelea kukuletea madeni, na kama lilitumika kwenye uhalifu wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Bima ifute baada ya hapo, si kabla.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza. Hedi na kompresheni zinahitaji mikono ya fundi mwenye vifaa. Kama gari lina mkopo ambao haujaisha, zungumza na mkopeshaji kwanza, kwa sababu huenda huna haki ya kuliuza bila idhini yake. Kama limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hasa marehemu, pata mwanasheria kabla ya kupokea hata malipo ya awali. Na kama mnunuzi atarudi baadaye na malalamiko, usimjibu kwa hasira wala usiahidi kitu kwa simu, peleka karatasi zako kwa mwanasheria azisome.

Mpaka vipimo vifanyike, acha kuliendesha kupanda milima, na kwenye foleni ukiona mshale unapita katikati, pembeza gari na uzime injini. Kila mara linapochemsha hedi huzidi kupinda, na tatizo la gasketi unaloweza kuliuza leo kwa bei ya maana linasogea kuwa lile alilolisema fundi wa pili.